Kocha wa peke yake kwa mtoto aliyemaliza masomo ya mwanzo ya kuteleza kwenye barafu: nyota nne

Wazazi wenzangu, hii nawaandikia hasa nyie ambao mtoto kashamaliza ngazi za mwanzo, anaenda mbele, anarudi nyuma, anasimama bila kushika ukuta, anaruka kidogo kwa miguu miwili, halafu darasa la kundi limeanza kumbana na hakuna anayewaambia kinachofuata ni nini. Sisi tulimchukulia binti yetu kocha wa peke yake, mtoto mmoja mwalimu mmoja, nusu saa kila somo, na kwa muda tuliokaa naye nasema kwa moyo mweupe kabisa, huduma hii imemsogeza mtoto na ningeichukua tena kesho.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba kocha hakuanza na kuruka. Watoto wote wanataka kuruka, hilo linajulikana, na wapo makocha wanaowapa haraka haraka ili mzazi aone pesa yake inafanya kazi. Huyu alimwambia tu ateleze kinyumenyume kwa mguu mmoja akiegemea makali ya nje, achore nusu duara, basi. Alivyomaliza kocha akainama kuangalia barafu, akamwita na mtoto ainame waangalie pamoja. Sasa kwa wasiojua, bledi ya skeiti, yaani kile chuma cha chini ya kiatu, ina kamfereji katikati kwa hiyo inakuwa na makali mawili, ya ndani na ya nje, mtoto akisimama wima bila kuegemea popote anaacha mistari miwili inayokwenda sambamba, akiegemea kweli unabaki mstari mmoja. Wa kwetu ilikuwa miwili, ikawa miwili tena, na kocha hakumgombeza wala hakumsifia uongo, alimuuliza tu 'unaona ngapi?' Mtoto akawa anajihukumu mwenyewe. Siku ule mstari ulipobaki mmoja aliniita kutoka katikati ya uwanja kwa sauti ambayo kila mtu aligeuka.

Kwanini hii ni kubwa hivyo? Miruko mikuu ya mchezo huu ni sita, tolupu, Salchow, lupu, flipu, Lutz na Axel, na yote, narudia yote, unatua vilevile, kinyumenyume kwa mguu mmoja juu ya makali ya nje. Mtoto asiyeweza kukaa pale kwa utulivu hawezi kutua chochote, atazunguka hewani vizuri halafu mguu wa pili utagusa chini tu. Na tofauti ya mruko na mruko iko kwenye kuondoka, Salchow unaondokea makali ya ndani ukirudi nyuma, Lutz unaondokea makali ya nje, flipu ya ndani, na mtoto akizoea kubadilisha makali dakika ya mwisho Lutz yake inageuka flipu na majaji wanamkata pointi, na tabia ile akishaizoea kuitoa ni kazi ya muda mrefu sana. Axel ndo peke yake unaondoka ukitazama mbele, ndiyo maana hata ule unaoitwa wa mzunguko mmoja unazunguka mara moja na nusu, na ndiyo maana watoto wengi wanakwama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Nilivyomuuliza kocha atafika lini kwenye Axel akanijibu tuangalie kwanza mstari. Sawa.

Hii ya kuinama kuangalia barafu siyo mbwembwe zake. Mpaka mwaka 1990 mashindano ya dunia yalikuwa na sehemu ambayo wachezaji wanachora maduara kwa bledi na majaji wanashuka kwenye barafu kukagua mistari. Ikaondolewa, lakini ile kazi haikuondoka, imejificha tu ndani ya kila hatua mtoto anayopiga, na kocha anayeijua utamwona anaangalia miguu muda mrefu kuliko mikono. Sikio nalo linasaidia. Mtoto akijisukuma kwa meno ya mbele ya bledi utasikia kukwaruza, akijisukuma kwa ubavu wa bledi anapita karibu kimya. Siku hizi hata nikikaa mbali najua kama anafanya vizuri.

Viatu. Hapa kocha alinisaidia kuliko duka lolote. Kabla hatujaenda mbali alimkalisha mtoto akamkagua, akamwambia akunje goti, akaweka kidole nyuma kuona kama kisigino kinanyanyuka, akaangalia mikunjo ya ngozi kwenye kifundo, kumbe kiatu kikishajikunja sana pale kimekufa hata kama nje kinang'aa. Muuzaji mmoja alishataka kutupa namba kubwa zaidi 'ili akue nacho', mwingine akatuletea kile kigumu kabisa cha wanaoruka mizunguko mitatu. Vyote havifai. Kiatu kikubwa mguu unaogelea ndani na makali huyapati, kiatu kigumu kuliko uzito na ngazi ya mtoto hawezi kukunja kifundo, na asipokunja kifundo hakunji goti, asipokunja goti haruki wala hatui. Kampuni kama Edea ya Italia, Jackson ya Canada na Riedell ya Marekani zote zina viatu vya ugumu tofauti tofauti kwa ngazi, kwa hiyo mwambie muuzaji ngazi aliyopo mtoto sasa hivi, siyo ile unayoiota. Na kunoa, tafadhali mpelekee mtu anayejua bledi za mchezo huu, aliyezoea za hoki peke yake anaweza kukukwangulia meno ya mbele yakaisha na hayo hayarudi. Baada ya barafu futa bledi ikauke, vaa kava za kitambaa, zile za plastiki ngumu ni za kutembelea tu, ukiziacha humo kwenye begi kutu inakusubiri.

Kitu kingine ambacho darasa la kundi halikumpa ni namna ya kufanya mazoezi peke yake. Nusu saa ya kocha bila muda wa barafu wa mtoto mwenyewe inapotea, somo linakuwa la kukumbushana ya juzi. Kocha anamwandikia kwenye daftari vitu vichache, mfano ile zamu inayochora namba 3 kwenye barafu, kwa miguu yote miwili, mbele ndani na mbele nje, na upande anaouchukia aufanye mara mbili ya ule anaoupenda. Akatumia somo karibu zima kumfundisha namna ya kuishi kwenye barafu ya mazoezi pamoja na wakubwa, kwamba ambaye muziki wake unapigwa anapishwa, aliye kwenye somo anapishwa, usisimame kupiga stori katikati, ukianguka inuka haraka, na angalia nyuma kabla hujaanza kurudi nyuma. Mzazi unaweza kuona hilo somo limeliwa bure lakini mimi nililipenda mno, mtoto aliyekuwa anajibanza ukutani kwa kuogopa wakubwa sasa anachukua nafasi yake kwa adabu na bila woga.

Nyumbani ni kamba ya kuruka, na kuruka sakafuni mikono ikiwa imebanwa kifuani akitua kwa mguu mmoja na kukaa hapohapo bila kutikisika. Sakafu inasamehe zaidi ya barafu na inarudiwa mara nyingi bila kulipia.

Kuhusu haraka, naomba niseme kidogo. Kuna wazazi pale wanahesabu miruko ya watoto wa wenzao, inanisikitisha. Hata chama cha dunia, ISU, mwaka 2022 kiliamua umri wa chini wa mashindano ya wakubwa upandishwe kutoka miaka 15 hadi 17, hatua kwa hatua, kwa hiyo hakuna basi linaloondoka bila mwanao. Kocha wetu akiona goti au kisigino kinauma anaacha kuruka siku hiyo, wanafanya spini, yaani kuzunguka pale pale, na hatua, na mimi kwa hilo tu ningemlipa.

Mbona sasa siyo nyota tano? Mawasiliano. Ratiba inabadilishwa jioni kwa ajili ya asubuhi, na mwanzoni hakuna aliyetueleza waziwazi kwamba hela ya kocha ni moja na hela ya barafu ni nyingine, mzazi anapanga bajeti ya moja anakutana na mbili, na kunoa bledi juu yake. Mtu anayefundisha vizuri hivi anaweza kuandika ukurasa mmoja wa gharama akawapa watu siku ya kwanza. Pia ripoti kwa mzazi hakuna mpaka uombe.

Ukitaka kumjaribu kocha yeyote wa aina hii omba somo moja la majaribio, ukae mahali unapoona, na uangalie anamwangalia mtoto wapi na anamwambia nini akianguka. Uliza pia kama anachukua watoto wawili kwa somo moja, wa kwetu anafanya hivyo kwa walio ngazi sawa, gharama mnagawana, na wale wawili wanakaguana mistari wenyewe wakati kocha amegeukia upande wa pili.