Mafundi wa peva Kyaliwajjala: mkono wanao, ila msiwaachie kupima peke yao

Naona watu wengi wanauliza nani anaweka peva, yale matofali ya zege ya kutandaza uani, vizuri huku upande wa Kira na Namugongo, nje kidogo ya Kampala, basi niwape ya kwangu. Jina la kampuni sitaji maana hili nitakalolalamikia karibu wote wa hii barabara wanalo.

Kazi wanaijua, hapo sina maneno. Walichimba ule udongo wa juu wakautoa, wakaleta maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, wakaimwagia maji na kuishindilia na mashine mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka, ndo wakatandaza vumbi la mawe na peva juu yake, na mstari ukipinda yule fundi mkubwa anang'oa anaanza upya bila hata kuambiwa. Peva walileta za unene wa milimita 60, kwa gari ndogo zinatosha kabisa, ila kama kwako linaingia lori la mchanga ulizia za 80. Wengi wanabania pesa kwenye maramu, kompaundi inang'aa Krismasi moja tu halafu matairi yanachimba mifereji miwili kutoka geti hadi gereji. Zangu zimemaliza mvua za Machi mpaka Mei na hakuna iliyozama.

Sasa shida iko kwenye kupima. Hawa jamaa wanalipwa kwa mita ya mraba, kwa hiyo usitegemee hata siku moja akwambie hapa acha nyasi. Fundi alizunguka na futi kamba, nyuma ya jiko peva, kwenye kamba ya nguo peva, kufika kwenye mwembe ananiambia "ssebo (yaani bwana) huu tukate, majani yanachafua, mizizi itanyanyua peva, halafu nyoka wanapenda miti." Nyoka ndo silaha yao, mama watoto akisikia nyoka tu anakubali palepale. Mwembe unaotupa embe na kivuli cha wageni wa Jumapili! Nikamwambia mti haukatwi na nyasi za paspalum za mbele ya baraza haziguswi, nyie wekeni njia ya gari na ya watu mpaka mlangoni, basi. Alinuna lakini kwotesheni ikashuka karibu nusu.

Na hii sio mapenzi ya miti tu, fanyeni hesabu. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ukiziba kompaundi ya mita za mraba 300 yote, ikapiga mvua ya milimita 40, na za huku mnazijua zikiamua, hizo ni lita 12,000, tangi la elfu kumi linajaa na kumwagika. Nyasi zingekunywa sehemu kubwa. Wao watakwambia maji yanapita katikati ya peva, sawa yanapita kidogo siku za mwanzo, ila chini kuna maramu iliyoshindiliwa na ile mianya ikishajaa vumbi maji mengi yanatafuta mteremko, yanaenda kwa jirani. Mtaani kwetu kuna nyumba imezibwa ukuta mpaka ukuta, mvua ikinyesha maji yanafumuka chini ya geti lao yanakula barabara yetu sote, na mama wa nyumba ya chini ameshapanga viroba vya mchanga mlangoni. Huku ni vilima na mabonde, maji ya juu lazima yashuke kwa mtu, waulizeni watu wa Bwaise, kule bondeni Kampala kunakofurika. Joto sijalisema bado, Januari saa nane mchana mtoto hatembei peku hapo.

Kuzunguka mwembe walitaka kuacha kaduara kadogo tu ka kubana shina, nikasimama hapo hapo mpaka wakarudi nyuma, kwa sababu mizizi mingi inayokunywa maji iko juu juu na inatambaa mbali. Mteremko pia semeni mapema, kama sentimita 2 kila mita, uende mbali na ukuta wa nyumba. Wa kwangu niliwaambia waulekeze kwenye nyasi badala ya getini, fundi akashangaa kidogo halafu akafanya vizuri tu. Mtaro hauko kwenye bei yao ya kwanza, lazima uuulize. Zipo pia peva zenye matundu ya kuotesha nyasi ndani, nzuri kwa sehemu ya kupaki wageni, lakini hawazitaji mpaka uzitaje wewe.

Mengine madogo madogo: "tuko njiani" yao inaweza kula asubuhi nzima, na vipande vya peva vilivyovunjika waliviacha juu ya nyasi zangu mpaka nikapiga simu. Kazi ya mikono nawapa 4 kwa 5, ushauri 1. Anayetaka namba yao anicheki inboksi, ila siku ya futi kamba hakikisha uko nyumbani, na baki ya pesa usitoe mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite.