Semina ya uadilifu kazini na namba ya kuripoti: miezi minane baadaye, nasema nilichokiona

Watu wa ofisi nyingine wameshaniuliza mara mbili tatu hii huduma ya uadilifu tuliyochukua kazini ina maana au ni zile semina za kwenda kukaa na kurudi, kwa hiyo naandika kwa urefu hapa nisije nikarudia kila siku. Mi nipo upande wa stoo na malipo, yaani pale pale mambo yanapoharibikaga. Jina la waliotuhudumia sitaji na la ofisi yetu sitaji, manake kuna mambo ya watu humu ndani.

Tulichonunua ni vitu vitatu kwa pamoja: dodoso la wafanyakazi wote kabla ya chochote, semina ya siku mbili, halafu mwaka mzima wa namba ya simu na fomu ya mtandaoni ambayo mtu anaripoti bila kutaja jina na wanaopokea ni watu wa nje. Kabla ya hapo tulikuwa na sanduku la maoni. Sanduku lenyewe limetundikwa karibu na mlango wa bosi, kamera inalitazama, ufunguo anao sekretari wake, na miaka yote niliyokaa pale sijawahi kuona mtu anatumbukiza karatasi. Na sio kwamba ya kusema hayakuwepo, yalikuwepo mengi tu, ila tulikuwa watu wa funika kombe mwanaharamu apite.

Dodoso lilikuwa fupi na lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na swali moja, ukimwona mwenzako anafanya kitu kisicho sawa utamwambia nani, na sehemu ya kuandika jibu. Siku ya semina yule mama mwezeshaji akatuonyesha majibu, bila majina, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa wameacha wazi. Hawajaandika bosi, hawajaandika rasilimali watu, hawajaandika hata "rafiki yangu". Hakuongeza maneno, akaacha tuangalie ule ukurasa, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Baada ya hapo siku ya kwanza ikapoa kabisa. Tafsiri ya uadilifu, tafsiri ya maadili, kadi za kiapo, kila mtu kusaini kanuni ambazo nina uhakika wengi hawakuzisoma. Nilichoona hakikukaa sawa ni kwamba mwezeshaji huyo huyo asubuhi alitusimulia habari za Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, kwamba ilikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa zaidi ya 60 kilichotoka mwaka 2000 na utangulizi wake umesainiwa na bosi wao Kenneth Lay mwenyewe, na uadilifu ulikuwa kati ya maneno manne waliyojinadi nayo, na Desemba 2001 kampuni ikafilisika kwa mahesabu ya uongo. Sasa kama karatasi haikuwazuia wale, mchana tunasainishwa karatasi ya nini? Nilimfuata wakati wa mapumziko nikamuuliza hivo hivo, akasema sahihi inasaidia baadaye mtu asije akasema hakuambiwa. Sawa, kisheria naelewa, ila hiyo ni ya kumlinda mwajiri, utamaduni haujengwi hapo, na ningekuwa mimi ningefuta kile kipindi chote nikaongeza muda wa siku ya pili.

Siku ya pili ndo ilikuwa semina. Akaanza na Donald Cressey, mtaalamu wa uhalifu wa Marekani ambaye karibu na mwaka 1950 alihoji watu waliofungwa kwa kula fedha walizokabidhiwa, na kwenye kazi yake ndo kukatoka kile kinachoitwa pembetatu ya wizi: mtu ana shida inayombana na hawezi kumwambia mtu, anaona mwanya, halafu anajipa sababu ya kumfanya ajione bado ni mtu mwema. Hiyo ya tatu ndo ilituamsha. Tukaambiwa tuandike sababu tunazojipaga wenyewe, na zikaanza kumiminika, "nitarudisha mwisho wa mwezi", "kila mtu anafanya", "mshahara wenyewe ndo huu", "nakopa tu", "mzigo si utakuja kesho".

Halafu akaleta habari ya Wells Fargo, benki kubwa ya Marekani. Hii naomba wenye vyeo muisome taratibu. Wale wafanyakazi wa matawini waliwekewa malengo ya kuuza, lengo kubwa ilikuwa kila mteja awe na bidhaa nane za benki, na wakawa wanabanwa kila siku kuhusu namba. Ilipofika Septemba 2016 ikatangazwa kwamba akaunti zinazokaribia milioni 2 huenda zilifunguliwa bila ruhusa ya wateja, benki ikatozwa faini ya dola milioni 185, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa ndani ya miaka kama mitano. Na benki ile ilikuwa na namba ya simu ya maadili! Mwaka 2017 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani iliamuru meneja mmoja arudishwe kazini na alipwe, kwa sababu aliondolewa baada ya kutoa taarifa kwa wakubwa zake na kwenye namba hiyo hiyo. Kwa hiyo kuwa na namba ya kuripoti peke yake sio kitu, kitu ni nini kinampata mtu wa kwanza anayeitumia. Mi hii huduma yote naipimia hapo, mengine yote kwangu ni mapambo.

Baada ya mfano huo mwezeshaji akauliza na nyinyi hapa lengo gani linawafanya mdanganye. Kimya. Halafu dereva mmoja, mzee wa watu tunayemheshimu sana, akasimama akasema sisi posho ya safari inatoka wiki tatu baada ya kurudi, njiani unalala wapi unakula nini, kwa hiyo risiti ya mafuta inaongezwa, wote tunaongeza, na mhasibu anajua. Mhasibu akainamisha kichwa. Kwa kweli nilisikia vibaya kwa ajili yake lakini nilifurahi pia, manake kwa miaka tumekuwa tukiwaita madereva wapigaji, kumbe utaratibu wetu wenyewe wa malipo ndo ulikuwa unawafundisha kudanganya.

Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Bosi siku ya kwanza alitaka kuondoka saa nne, mwezeshaji akamwomba abaki, akabaki, na hiyo ya pili akaja tangu asubuhi. Akasimama baada ya dereva akasema zile tarehe mlizorudisha nyuma kwenye hati za manunuzi kabla ya ukaguzi, mimi ndo niliagiza, na nilikosea. Bas, akakaa. Hakutoa hotuba. Mimi ni mmoja wa walioandika hizo tarehe kwa mkono wangu na nilikuwa nimebeba hicho kitu muda mrefu, kwa hiyo nisiwe muongo, pale ilibidi nitoke nje kidogo. Mwezi uliofuata posho ikaanza kulipwa kabla ya safari, na mezani kwangu risiti za mafuta zikaanza kufanana na kilomita.

Sasa namba ya kuripoti. Inavyofanya kazi ni kwamba ukipiga au ukijaza fomu unapewa namba ya siri, unaitumia kurudi kuangalia majibu na kuongea na anayeshughulikia bila yeye kukujua. Wanaahidi kukujibu kwamba wamepokea ndani ya siku 7 na kukupa mrejesho ndani ya miezi 3, na muda huo ndo ule ule uliowekwa kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 ya kuwalinda watoa taarifa, kwa hiyo hawakuubuni. Mwezeshaji alitupa pia takwimu ya chama cha wakaguzi wa udanganyifu, ACFE, ripoti yao ya 2024, kwamba 43% ya kesi walizozichambua ziligundulika kwa mtu kutoa taarifa, na zaidi ya nusu ya hao watoa taarifa ni wafanyakazi. Yaani mkaguzi anakuja mara moja kwa mwaka, sisi tupo pale kila siku.

Mimi niliitumia mwezi wa tatu tangu ianze. Kulikuwa na mzigo ambao hati inasema katoni 40, zilizoshuka ni 34, na mkubwa mmoja wa manunuzi ananiambia saini tu zilizobaki zinakuja, na haikuwa mara ya kwanza. Ni mtu anayependwa, mcheshi, mtu akifiwa yeye wa kwanza kufika, na hiyo ndo inafanya iwe ngumu, ukimtaja wewe ndo unaonekana mnoko unayemchomea mwenzio utambi. Nilijaza fomu saa tano usiku. Siku ya pili nikajibiwa wamepokea, wakaniuliza maswali ya maana kabisa, nani mwingine huwa anasaini, hati zinahifadhiwa wapi, na wakanionya nisichukue nakala nikaenda nazo nyumbani. Hilo la mwisho lilinisaidia kwa kuwa ndo nilikuwa napanga kufanya.

Wiki ya pili msimamizi wetu akaanza kupita pita stoo akiuliza "nani kapeleka maneno". Nikaogopa sana. Nikarudi kwenye ile namba ya siri nikaandika, na kesho yake akaitwa na mkurugenzi, manake kwenye mkataba ofisi ilikubali kwamba kumsaka mtoa taarifa ni kosa lenyewe. Maswali yakaisha. Baada ya wiki tano hivi nikaambiwa uchunguzi umekamilika, yule mkubwa akaondolewa manunuzi na akakubali kurudisha thamani ya mzigo pungufu. Mimi nipo kazini mpaka leo na hakuna aliyenigusa.

Kasoro zipo na ninazisema kwa uchungu kwa sababu hii kitu naitakia mema. Kwanza, majibu nilipata mimi peke yangu. Wengine waliona tu mtu kahamishiwa ofisi nyingine, tena yenye meza nzuri zaidi, na uvumi ukazagaa kwamba kapandishwa cheo, kwa hiyo miezi miwili ile namba haikupigwa hata mara moja. Tulipiga kelele mpaka mwezi wa sita wa huduma ndo wakaanza kubandika muhtasari: taarifa ngapi zimeingia, ngapi zimefungwa, hatua za aina gani zimechukuliwa, bila jina la mtu. Hicho kilitakiwa kiwepo siku ya kwanza.

Pili, na hili linaniuma zaidi, walinzi na wasafishaji hawakuitwa kwenye semina kwa kuwa wameajiriwa kupitia wakala. Jamani, nani anaona gari likipakia usiku? Nani anakuta karatasi zilizochanwa kwenye ndoo ya taka? Hao watu wanajua ofisi kuliko mkurugenzi, na fomu yenyewe imeandikwa kwa lugha nzito ya kisheria ambayo hata mimi niliisoma mara mbili. Dodoso la marudio nalo lilifanywa haraka haraka ijumaa jioni watu wana mabegi mgongoni, sidhani kama majibu yake yana uzito.

Kama ofisi yenu inafikiria kuchukua huduma ya aina hii, ulizeni kwanza kama bosi atakaa siku zote mbili, akisema atafungua halafu ana kikao kingine msipoteze fedha zenu. Muulizeni mtoa huduma pia mtu akianza kusakwa wao wanafanya nini, na wataje hatua zenyewe, sio "tunalichukulia kwa uzito".

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Mkataba unaisha baada ya miezi minne na nimesikia wanataka kuongeza mwaka, nimeshapeleka ombi kwa maandishi walinzi na wasafishaji waingizwe, safari hii nimeandika jina langu, na wakiingizwa nitarudi hapa kuongeza nyota iliyobaki.