Jazi ya Miaka ya 1920: Toleo Lipi Linastahili Hela Yako?

Ukitafuta “West End Blues” ya Louis Armstrong leo, utakuta matoleo ya kuchoka kuhesabu. Yote yanatokana na dakika 3 na ushei zilezile zilizorekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928 kwa lebo ya Okeh, lakini ukiyasikiliza moja baada ya jingine utadhani ni bendi tatu tofauti. Kwenye moja tarumbeta inatoboa masikio. Kwenye jingine imefunikwa blanketi. La tatu Armstrong anapuliza kama yuko peke yake ndani ya kanisa tupu.

(Kabla hujauliza: sizungumzii Morogoro Jazz wala Western Jazz. Ule ni muziki wa dansi, na kanda zake zina matatizo yake.)

Chanzo cha tofauti ni hiki. Wakati ule kanda ya sumaku haikutumika. Sauti ilichongwa kwenye nta, nta ikazaa mabamba ya chuma, chuma kikatumika kupiga santuri. Chuma kikiwepo, fundi ana pa kuanzia. Kampuni ya rekodi ya Victor ilitunza vyuma vingi. Vya kampuni za Gennett na Paramount viliishia kwenye chuma chakavu, kwa hiyo kilichobaki ni santuri zenyewe, ambazo watu walizichezea muziki usiku kucha kwa sindano za chuma. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka huohuo wa 1928, na anayetafuta santuri zake safi anajua tabu ninayoisema. Toleo zuri linaanza na mtu mwenye santuri safi aliyekubali kuiazimisha, halafu fundi mwenye sindano za kipimo sahihi. Sindano ya LP, yaani santuri za plastiki za baadaye, ina ncha yenye nusu kipenyo cha mikroni 25 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na mfereji wa santuri ya zamani unataka kama 75. Fundi mzoefu hujaribu sindano kadhaa mpaka apate ile inayopita pale ambapo mfereji haujaliwa.

Namna ya kupima kabla ya kulipa

Vaa hedifoni, ruka utangulizi wa tarumbeta, subiri tromboni ya Fred Robinson. Nyuma yake mpiga ngoma Zutty Singleton anagonga kwo, kwo, kama kwato za punda kwenye lami. Kwenye toleo zuri kila pigo lina ncha: linaanza, linaisha. Kwenye lililosafishwa kupita kiasi ncha imenyolewa, pigo limebaki dufu. Kisha sikiliza kelele ya santuri yenyewe. Ikipanda na kushuka pamoja na muziki, kama mtu anafungua na kufunga dirisha, ujue programu ya kuondoa kelele iliachiwa ifanye kazi bila msimamizi. Kelele inayotulia mahali pamoja, kama dagaa wanaokaangwa kwa jirani, sikio linaizoea baada ya nusu dakika. Mimi nachagua dagaa.

Sasa mpangilio wangu.

1. JSP, “Hot Fives & Sevens”, diski 4

Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua hiki: rekodi za Armstrong na bendi zake za Hot Five na Hot Seven, kutoka lebo ya JSP. Kazi ya sauti ni ya John R. T. Davies, Mwingereza aliyefariki 2004, ambaye pia alikuwa mpigaji katika bendi ya The Temperance Seven. Kabla ya enzi ya kompyuta, Davies alihamishia santuri kwenye kanda, akatafuta kila mkwaruzo kwa sikio, kisha akakwangua unga wa kanda mahali hapo kwa wembe. Mkwaruzo mmojammoja! Ndiyo maana tarumbeta haikuguswa: aliondoa uchafu na kuacha nguo. Utasikia kelele kidogo, hasa kwenye rekodi za Novemba 1925 ambazo bado zilipigwa kwenye pembe kubwa ya kukusanya sauti, si maikrofoni. Ila ukifika za Mei 1927, Okeh walipokwisha kuhamia umeme, tuba na banjo vinasimama kila kimoja mahali pake. Bei yake kwa kawaida ni ya kawaida, na ukimwagizia mtu anayerudi kutoka Uingereza halimli nafasi kwenye begi.

2. King Oliver, “The Complete 1923 Jazz Band Recordings”, Off the Record, diski 2

Huu ndio muujiza wa orodha hii, na ungekuwa wa kwanza kama muziki wenyewe usingekuwa mgumu kwa sikio jipya. Creole Jazz Band ya King Oliver iliingia studio ya Gennett mjini Richmond, Indiana, Aprili 1923. Studio ilikuwa kando ya reli, na treni ikipita kazi ilisimama. Wanamuziki walipuliza ndani ya pembe. Armstrong kijana ilibidi asimame mbali nyuma ya wenzake kwa sababu sauti yake iliwameza. Baby Dodds hakuweza kutumia ngoma zake zote, ndiyo maana unasikia vibao vya mbao. Kwa miaka mingi rekodi hizi zilisikika kama bendi iliyofungiwa ndani ya debe. David Sager na Doug Benson walitafuta santuri bora kwa wakusanyaji wakazihamisha upya, na kwa mara ya kwanza niliweza kufuata koneti mbili (ndugu mfupi wa tarumbeta), ya Oliver na ya Armstrong, bila kukisia. Bado ni debe, lakini sasa lina madirisha.

3. Frog, Retrieval na Timeless

Lebo ndogo za Ulaya, mara nyingi diski moja moja, na nyingi kati ya zile za zamani zimepita mikononi mwa Davies huyohuyo. Hapa ndipo pa kwenda ukishamaliza majina makubwa. Soma jalada la nyuma: fundi akitajwa, nunua bila wasiwasi mwingi.

4. Mosaic, boksi la Bix Beiderbecke, Frank Trumbauer na Jack Teagarden

Diski 7 kutoka lebo ya Mosaic, lilitoka 2001 kwa idadi maalumu. Sauti safi, kitabu kizuri, na leo linapatikana kwa mitumba tu kwa bei ya wenye nazo. Kwa anayempenda Bix, mpiga koneti, halina mjadala. Kwa anayeanza, subiri kwanza.

5. Jelly Roll Morton wa Victor

Rekodi za mpiga piano huyu alizoifanyia Victor zilitoka kwenye boksi la Bluebird la 1990, diski 5, lililopitishwa kwenye NoNoise, mfumo wa kompyuta wa kuondoa kelele. Kelele imepungua sana, na kwa masikio yangu hewa ya chumba imeondoka nayo. Klarineti inasikika kama imevaa soksi. JSP wana boksi lao la Morton la diski 5, sauti ya Davies tena. Chukua hilo.

6. Classics ya Ufaransa

Lebo hii utainunua kwa kutaka kuwa na kila kitu kwa mpangilio wa tarehe. Sauti inategemea santuri waliyoipata siku hiyo: wimbo wa tatu mzuri, wa nne umekwaruzika. Nina chache, zimenifaa kama kamusi.

7. “Jazz Classics in Digital Stereo” za Robert Parker

Zilivuma miaka ya 1980 kupitia BBC. Parker aliongeza stereo ya kutengeneza na mwangwi. Shangazi anayeogopa santuri za zamani atazipenda. Mimi kanisa tupu linanichosha kufikia wimbo wa pili.

Mwisho kabisa ni maboksi ya bei ya kutupa yasiyotaja fundi. Yamejaa kwa sababu Ulaya haki za rekodi hizi zilikwisha zamani, na Marekani rekodi za 1923 zimekuwa huru tangu 1 Januari 2024. Yeyote anaweza kunakili diski ya mwenzake na kuiuza. Niliwahi kununua la diski 10. Nyimbo zilinishangaza kwa uchangamfu mpaka nilipojaribu kuzifuata kwa kinanda: zote zilikuwa juu kwa nusu toni. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ikichezwa kwa 82 na nusu hivi, ndivyo inavyotokea. Aliyeinakili hakuwa na kinanda.

Faili za ubora wa juu na LP mpya nzito zisikutie tamaa. Santuri ya 1928 haina sauti ya kujaza ukubwa ule, na LP nyingi za aina hii zinatokana na faili ileile ya diski. Huduma za kusikiliza mtandaoni zinafaa kwa kujaribu: fungua matoleo matano ya “West End Blues”, nenda moja kwa moja kwenye tromboni, kisha mwisho kabisa. Piano ya Earl Hines ikishatulia na bendi ikafunga, Zutty anagonga tok moja ya mwisho. Usipoisikia vizuri, rudisha hela mfukoni.