Dar hadi Mafia kwa ndege: nusu saa angani, siku nzima kwenye benchi

Ukiambiwa Dar hadi Mafia kwa ndege ni nusu saa, hujadanganywa. Umbali wenyewe ni kama kilomita 130 tu, na tangu tunapaa mpaka tunatua Kilindoni haikufika hata saa moja. Mimi ugomvi wangu ni wa chini, kabla hamjapaa.

Miezi michache iliyopita nilipigiwa simu usiku, shangazi amefariki, anazikwa kesho baada ya adhuhuri. Kwa njia ya bandari ya Nyamisati nisingewahi: basi la Mbagala, kisha boti, na boti nayo hutegemea maji. Nikakata tiketi ya ndege ya saa nne asubuhi. Bei iliniuma, ila nilitaka nimwone uso kabla hajatolewa nyumbani.

Nimefika uwanjani mapema, tiketi mkononi. Nikamsalimia kijana wa kaunta, macho hakuyatoa kwenye simu. Baadaye ndipo ananiambia uzito umezidi, nitaondoka na ndege inayofuata. Mbele yangu walikuwa watalii na mabegi yao ya kuzamia. Siwalaumu, na wao wamelipa. Najua pia vile vindege vya injini moja, vya abiria 12 au 13, havitaki mchezo na uzito. Hata sisi wenyewe hupandishwa mizani. Lakini mizani haichagui nani abaki. Anachagua mtu. Nikamwambia, "Mwanangu, nina msiba, nawahi maziko." Akanijibu, "Mama, safari yenyewe si nusu saa tu? Haraka ya nini?"

Basi! Hata pole hakusema. Mtu anakwambia amefiwa, Mswahili gani anashindwa kutamka pole?

Nikakaa kwenye benchi. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, hakuna aliyekuja kutuambia lolote. Mdogo wangu akapiga simu kuuliza kama wanisubiri. Nikamwambia wasimcheleweshe shangazi kwa ajili yangu, nikakata simu nikalia mbele za watu. Tulipaa inakaribia saa tisa.

Haki lazima niiseme: rubani alikuwa mstaarabu sana. Aliposikia nina msiba alinishika mkono akanipa pole, akasema nikae karibu na mlango niwahi kushuka. Na njia ile ni nzuri, wallahi. Unaiona delta ya Rufiji yote chini yako, mikoko mpaka macho yanachoka, maji ya mto yakiingia baharini na tope lake, kisha bahari inakuwa safi na Mafia hiyo hapo na minazi yake. Uwanja uko Kilindoni palepale, huhangaiki na usafiri. Anayekwenda kuwaona papa potwe, wale samaki wakubwa mno, ningemwambia apande tu, hatajuta.

Lakini hapana, siwezi kumwambia mtu apande. Papa potwe usipowakuta leo utawakuta kesho. Mimi nimeingia nyumbani wanaume wanarudi makaburini, kitanda cha shangazi kimeshatolewa nje.

Wiki iliyofuata niliwapigia ofisini kwao. Wakanijibu kwamba tiketi imeshatumika, hakuna cha kurudishiwa. Sikuwa nadai nauli. Nilitaka yule kijana aniambie pole.