TAHADHARI: Betri ya lithiamu "60Ah, kilo mbili" – pima kabla ya kulipa

Wakuu, kuna betri ndogo zinazotangazwa sana kwenye kurasa za vipuri na magrupu ya WhatsApp, hasa kwa watu wa Subaru, Altezza na wengine wanaopenda kupunguza uzito wa gari. Tangazo halibadiliki sana: betri ndogo kama tofali, uzito kilo mbili na kidogo, stika ya 60Ah (ampea-saa, yaani akiba ya umeme) na CCA 800 (ampea za kuwashia gari kwenye baridi), "inaingia gari lolote", garantii mwaka mmoja, na pesa itangulie kwenye namba binafsi ya simu. Msitume hiyo pesa. Stika ya namna hiyo ni uongo, na huhitaji kuifungua betri ili ujue.

Betri nyepesi za kweli zipo. Porsche ilianza mwaka 2010 kuuza betri ya lithiamu ya kuwashia kwa 911 GT3 na Boxster Spyder. Ilikuwa na uzito chini ya kilo 6, pungufu kwa zaidi ya kilo 10 ukilinganisha na betri ya risasi (ya kawaida ya gari) ya 60Ah ambayo nafasi yake ilichukuliwa nayo. Kiwandani waliiandika 18Ah. Hawakuandika 60. Kazi ya kuwasha iliiweza, ila akiba yake ilikuwa 18, wakasema hivyo wazi. Sasa mtu wa mtandaoni anakuambia ana 60Ah kwenye theluthi ya uzito ule.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Betri ya lithiamu ya gari inayofaa ni LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti): seli nne za volti 3.2 zilizofuatana, jumla 12.8V. 60Ah mara 12.8V ni 768Wh (wati-saa). Ukijumlisha boksi, nguzo na bodi ya ulinzi (sakiti inayokata umeme betri ikizidiwa), betri nzuri ya aina hii hutoa kama 100 hadi 130Wh kwa kilo. Kwa hiyo 60Ah ya kweli inahitaji kilo 6 hadi 7.7. Yenye kilo 2.2, hata ukiihesabia seli bora kabisa, haivuki 22Ah. Mizani ya samaki ya kuning'iniza inatosha kukuokoa.

Kuna ujanja wa pili ambao ni mpole zaidi. Pembeni ya Ah kunaandikwa PbEq au EQ kwa herufi ndogo. Maana yake: "inawasha kama betri ya risasi ya Ah kadhaa". Betri ya 24Ah PbEq mara nyingi ndani ina 8Ah tu. Kwa pikipiki au gari la mashindano hilo halina tatizo. Kwa gari la kwenda kazini ni shida, kwa sababu alamu, redio na kifaa cha kufuatilia gari vinakula umeme usiku kucha. Vikila 50mA, kwa siku ni 1.2Ah. 8Ah inaisha ndani ya wiki moja, wakati NS60 (saizi ya kawaida ya betri ya risasi ya gari dogo) ya 45Ah ingevumilia zaidi ya mwezi. Muuzaji asiyekuuliza gari linalala na mzigo kiasi gani hakuuzii betri, anakuuzia stika.

Hatari kubwa kuliko zote ni betri za seli tatu. Hizi hutengenezwa kwa seli za duara za 18650, nyingi zimetolewa kwenye betri za laptopu zilizochoka, zikafungwa plastiki mpya. Seli hizo ni za volti 3.6 au 3.7, na zikijaa hufika 4.2V. Tatu zikifuatana zinakuwa 12.6V, namba ileile ambayo kila fundi anaijua kuwa ni betri ya maji (ya risasi) iliyojaa. Ndiyo maana mita haimshtui mtu. Ukiwasha gari, altaneta inapeleka 14.4V, gawanya kwa tatu: 4.8V kwa kila seli, wakati mwisho wake ni 4.2V. Seli inavimba, inatoa gesi, inawaka. Hiyo inatokea chini ya boneti, karibu na mipira ya mafuta.

Kwa hiyo kipimo cha volti kisomwe hivi: LiFePO4 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa chache bila chaja, inasoma 13.2 hadi 13.4V. Muuzaji akisema imejaa na mita ikasema 12.6V, ama ni seli tatu, ama ni LiFePO4 iliyobaki tupu, ama ni betri ya risasi ndani ya boksi la kupendeza. Zote tatu, rudisha.

Na msidanganywe na kile kimashine cha kidijitali cha kupima CCA. Hakivuti ampea mia nane. Kinapima ukinzani wa ndani kisha kinakadiria, na ukadirio wake umepangwa kwa betri za risasi. Lithiamu ina ukinzani mdogo, kwa hiyo kinarusha namba kubwa hata kwa betri ndogo. CCA ya kweli ni ampea ambazo betri inatoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya 7.2V. Namba kubwa kwenye jina nayo si CCA: Odyssey PC680, betri kavu ndogo inayoheshimika ya kilo 7 na 16Ah, ina CCA 170, na mtengenezaji ameiandika wazi.

Kipimo kisichobishaniwa ni globu. Wapo wanaojaza mchanga au saruji ndani ya boksi ili mizani isiwaumbue, lakini mchanga hauwashi taa. Chukua globu ya H4 ya taa ya mbele ya gari, unganisha upande wa 55W kwenye betri iliyojaa. Inavuta takribani 4.5A. Angalia saa. 20Ah ya kweli itawaka zaidi ya saa nne, ikifika 12.0V simamisha, usiikaushe. Ikizimika baada ya dakika arobaini, ulinunua 3Ah. Muuzaji mwenye mali halali atakubali kipimo hiki kabla ya kupokea pesa, au ataandika kwenye risiti kwamba unarudisha ikishindwa.

Kisha kwenye gari lenyewe: chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, weka mita kwenye nguzo za betri (si kwenye vibanio), piga stata sekunde tano, pumzika, rudia mara tatu. LiFePO4 inayolitosha gari lako inabaki juu ya 10V. Ikienda chini ya 9.6V, ni ndogo kwa injini hiyo.

Ikikata ghafla na kila kitu kuzima, hapo umeuziwa betri ya sola. Bodi ya ulinzi ya betri ya sola ya 100A imepangiwa taa na friji. Stata ya injini ya petroli ya 1.5 au 2.0 huvuta 150 hadi 300A kwa mara moja, dizeli zaidi sana. Bodi ikikata wakati wa kupiga stata, ni usumbufu tu. Ikikata barabarani wakati altaneta inachaji kwa nguvu, umeme unakosa pa kwenda, volti zinaruka makumi kwa kufumba na kufumbua, na zinazokufa ni daiodi za altaneta, regyuleta na kompyuta ya gari. Kompyuta ni ghali kuliko betri kumi.

Pima pia chaji ya gari kabla ya kununua lithiamu yoyote, hata nzuri. 13.8 hadi 14.4V ni salama, ikivuka 14.6V usifunge, maana huo ndio mwisho wa seli nne. Kwenye Honda Fit na gari nyingine ambazo kompyuta inaamua chaji, volti hushuka hadi 12.5 hivi gari likiwa halina mzigo. Kwa betri inayopumzika kwenye 13.3V, hiyo si chaji. Inajikuta inalisha gari badala ya kulishwa, na mwenye gari anamlaumu fundi.

Kufunga kwenyewe: hasi itoke kwanza, irudi mwisho. Betri ndogo kwenye kitako cha NS60 inacheza, na kwenye barabara ya matuta nguzo ya chanya itafika kwenye boneti. Itengenezewe kibano cha chuma chenye mpira, si kamba ya plastiki. Angalia nguzo: NS60L ina nyembamba, NS60LS ina nene, na zile adapta laini zinazokuja na betri za bei rahisi zikilegea zinapata moto hadi kuyeyusha plastiki. LiFePO4 nyingi mwisho wake wa kazi ni nyuzi 60, kwa hiyo isikae jirani na ekzosi au tabo (turbo). Ukihamishia kwenye buti, waya wa shaba usiopungua 35mm² na fyuzi karibu kabisa na betri. Kwa mita tano na 200A unapoteza nusu volti, wakati 16mm² inakula volti nzima na zaidi. Kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba unauzwa kama shaba, kwangua ncha uone weupe.

Aliyekwishanunua: kama inasoma 12.6V ikiwa imejaa, imevimba au ina harufu tamu kama ya dawa ya kucha, itoe leo, iweke nje mbali na ukuta wa nyumba, usiichaji, usiitupe jalalani. Piga picha mizani, mita na stika, tunza ujumbe wa malipo na mazungumzo yote kabla hajakublock. Tanzania, malalamiko ya bidhaa bandia yanapelekwa Tume ya Ushindani, na namba ya tapeli inatumwa kwenda 15040. Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Na kama betri ina alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), tuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023 uone kibali ni cha nani.