Bili za maji na umeme kwa simu: ninachokatwa kweli

Nina miaka mitatu sijasimama dirishani kulipa bili, na sirudi. Ila anayesema kulipa kwa simu ni bure, huyo hasomi ujumbe wa muamala mpaka mwisho.

Nyumba yangu iko Tabata, Dar es Salaam, ina wapangaji wanne. Zamani bili ya maji ilichomekwa getini, mvua ikiiwahi imekwenda. Siku hizi inaingia kwenye simu: usomaji wa mita, kiasi, namba ya kumbukumbu. Kuipokea silipi hata senti. Kwenye kulipa ndipo kuna ada, nayo inapanda kwa ngazi kufuatana na kiasi. Mimi nilikuwa nalipa kadiri wapangaji wanavyonipa, elfu tano leo, elfu tano wiki ijayo, na kila mara nakatwa. Siku moja nikajumlisha ada tupu za mwezi: mkate na maziwa vilikuwa humo. Sasa nasubiri wote wachange, nalipa mara moja.

Faida nyingine sikuitarajia. Nilikuwa nawaambia wapangaji watume "na ya kutolea". Nimeacha. Hela inaingia kwenye simu, inatoka humohumo kwenda kwenye bili, kwa wakala sifiki.

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ndiyo ilinigombanisha na watu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, na toka 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, yeyote atakayenunua. Tarehe mosi moja mwaka 2024, dada wa chumba cha mbele aliweka 10,000 akapata uniti kama 24, wakati amezoea 28. Akaja simu mkononi: "Mama, umeme wangu umeliwa na nani?" Tukasoma risiti pamoja: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, halafu ile 1,500. Hizo asilimia ni zetu sote. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, kwa hiyo nikamrudishia 1,500 yake palepale. (Na mwezi uliotangulia alikatwa mwingine, akanyamaza. Naye nikamlipa.)

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya kosa ambalo nusu ni langu: nilikosea tarakimu moja ya akaunti ya maji, hela ikaenda kwa jirani nisiyemjua. Jina lake lilitokea kabla sijaweka namba ya siri, nikapitiliza. Kurudishiwa kulichukua siku kumi na moja, na salio nililomaliza kupiga simu huduma kwa wateja halikurudi.

Siku hizi tarehe mosi alfajiri naweka umeme wa 3,000 mimi mwenyewe, kabla wapangaji hawajaamka.