Walitaka kuwasha gesi chini ya tenki la pikapu yangu

Nimesubiri nipoe ndiyo niandike. Siku ile ningeandika matusi matupu.

Pikapu yangu ya petroli ndiyo inayonilisha. Nachukua viazi Isyonje, kule mlimani, nashusha sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya. Ikaanza kunisumbua mlimani: nikishaiacha Uyole na kuanza kupanda, inakohoa, inashtuka, inazima, hata ikiwa haina mzigo. Nikiipumzisha kidogo inawaka kama haijawahi kuumwa. Wenzangu wakasema hiyo ni pampu ya mafuta, na pampu yenyewe imo ndani ya tenki, kwa hiyo tenki lazima lishuke. Nikaelekezwa gereji moja hapa Mbeya mjini. Ina sifa kubwa, magari yamepangana hadi barabarani.

Fundi mkuu hakuuliza hata mafuta yamo kiasi gani. Nilikuwa nimejaza asubuhi hiyo hiyo. Lita 50 za petroli ni zaidi ya kilo 35, nani atazipokea zikishuka? Gari likawekwa juu ya shimo, akaingia chini, akakuta nati za mikanda inayoshika tenki zimeshikana na kutu. Akatoka. Akamwita kijana: "Lete gesi."

Nikadhani sijasikia vizuri. Mtungi wa gesi ya kuchomea ukaja unaviringishwa, eti nati zipashwe moto zilegee. Nikamwambia, "Fundi, humo mna petroli." Akanijibu bila kunitazama: "Mama, hebu kaa pale kwenye benchi. Kazi hii nimeianza wewe hujui hata usukani."

Kilichoniuma si kuitwa mama, nina watoto na nina wajukuu. Kilichoniuma ni ule mkono wake, alivyonipungia kama anafukuza kuku. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutuama shimoni, palepale anapotaka kuwasha moto. Na wasidhani tenki likiwa karibu tupu ndiyo salama. Ule mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Nchi hii tumezika watu zaidi ya 100 wa Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, kwa moto wa petroli. Halafu mtu mzima anawasha gesi chini ya tenki lililojaa!

Nilipiga kelele mpaka wauza mahindi wa ng'ambo wakasogea. Nikachukua funguo zangu. Hapo ndipo akatupa kitambaa na kuondoka, eti mwenye gari amalizane na gari lake.

Sasa hapa lazima niseme kweli. Aliyebaki ni kijana anayemshikia spana, mpole, hata sauti hatoi. Akaniambia, "Mama, usiondoke, nipe mpaka kesho." Akafungua waya hasi wa betri, akanyonya petroli yote kwa pampu ya mkono hadi kwenye vidumu, akavipeleka mbali kivulini. Nati akazilowesha mafuta ya kulegeza kutu, akaziacha zilale. Kesho yake zikafunguka kwa spana, bila cheche. Akaweka jeki na kipande cha ubao chini ya tenki, akalegeza mkanda mmoja, kisha wa pili, akalishusha kama shubiri moja tu, akasimama. Akapenyeza mkono juu yake, akachomoa soketi ya pampu na mipira ya mafuta, ndipo akalishusha lote. Angelivuta kwa pupa angekata nyaya zote. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu amezaliwa fundi.

Ndani mlikuwa na tope jeusi, na kile kichujio cha pampu kimeziba kabisa. Gari likitembea tope linavutwa, likisimama tope linatulia chini. Pampu ilikuwa nzima! Fundi mkuu alishanitajia bei ya pampu mpya bila kufungua chochote.

Kwa hiyo nilitaka kuwapa sifa. Kazi ilikuwa safi, sikatai. Lakini wiki haikuisha, nikijaza tenki nasikia harufu ya petroli hadi ndani ya kabini. Nikarudi. Mkuu akasema harufu ni kawaida ya magari ya petroli. Kawaida! Kijana akaninong'oneza kwamba aliomba raba mpya ya kuziba mdomo wa pampu pale juu ya tenki, akaambiwa arudishie ya zamani, ambayo imeshatanuka. Raba! Kitu cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana, na mimi nimelipa hela yote waliyoitaka.

Nikanunua raba mwenyewe. Kijana akashusha tenki upya siku ya Jumapili, nyumbani kwangu, kwenye uwanja wazi, jiko la mkaa nimelizima tangu asubuhi. Harufu imekwisha, na Isyonje napanda bila kusimama. Gereji ile sirudi. Namba ya kijana ninayo, na nimemwambia siku akifungua ya kwake, gari la kwanza kuingia ni langu.